Upande wa Ndani

Sista Prisila wa sakristia ameileta dukani kwangu Kariakoo,
kasula ya zambarau, ndani ya foronya.
Soda hakutaka.
"Bitana imechoka," akasema. "Jumatano ni Majivu."
Akaitazama fremu yangu: magauni ya Guangzhou,
lulu za gundi, bei kwa maka peni nyekundu.
Hakusema neno.
Masista wana namna yao ya kutosema neno.

Kasula hii aliishona baba,
Fundi Desideri Mkude, Mtoni kwa Azizi Ali,
barazani, kwa cherehani ya miguu
iliyolia kama kware mwaka mzima
isipokuwa saa sita, kengele ya Malaika wa Bwana,
mguu ulipokoma katikati ya pindo
na mteja, awe nani, akasubiri.
"Ngojeni," Bi Zuhura jirani aliwaambia,
"yuko kwenye adhana yake."

Alikuwa na ugonjwa wa upande wa ndani.
Pindo lisiloonekana alilishona kama la shingoni.
Uzi ukikatika hakuufunga fundo;
alirudi mwanzo.
"Nani ataigeuza nguo ya padri aangalie ndani?"
mama aliuliza, ada zetu zikiwa bado deni.
Baba aling'ata uzi.
"Ninayemshonea haangalii kutoka nje."

Mabaki ya kitambaa aliyarudisha,
hata kipande kisichotosha leso,
yamekunjwa, yamefungwa utepe wa kitambaa kilekile.
Mafundi wa Temeke walicheka:
huyu ni mpishi asiyeonja.
Nasi tulikula dagaa, tukawacheka wale mafundi
kwa sababu alituangalia.

Pambo hubandikwa, alisema,
uzuri hutoka ndani ukielekea nje,
kama jasho.
Akianza "uzuri wa mkakasi" aliishia hapohapo,
akatuachia tumalizie wenyewe
huku akipima mabega ya mtu.

Nilipofika miaka kumi na tisa nilimchoka.
Nilitaka vitu vinavyong'aa kabla havijafuliwa.
Nikavipata. Vinauzika.
Yeye amelala Matombo, kwao,
chini ya msalaba wa mninga
ambao, nina hakika, angeukagua kwa nyuma.

Usiku huu shata nimeishusha nusu,
naifumua bitana kwa wembe.
Na mishono ndiyo hiyo:
punje, nafasi, punje, nafasi,
rozari ndefu aliyoisali kwa sindano
mahali ambapo hakuna macho.
Nikaona wivu. Sijui kwa nini wivu.

Kisha, karibu na pindo la kushoto,
mishono mikubwa, imepinda, inapanda na kushuka
kama Uluguru iliyochorwa na mtoto.
Ni yangu.
Nilikuwa na miaka tisa, kesho yake Komunyo ya kwanza,
nililia mpaka akanipa sindano.

Aliyefumua kola ya mheshimiwa mara tatu
hakunifumua mimi.
Aliupitisha uzi wake pembeni, taratibu,
mmoja wake kwa kila mmoja wangu,
ili wangu usibebe peke yake uzito wa nguo.

Miaka ishirini na minne, kila Kwaresima,
padri ameinua mikono
akiwa amevaa kosa langu,
na waumini wa Mtoni wameitika Amina.

Nje muuza kahawa anagonganisha vikombe.
Jirani ananiita, nimfungie hesabu.
Naye angoje.

Satini nimenunua mita mbili, ile ya bei.
Mshono ule siugusi.
Nimeweka bitana mpya juu yake,
nimekosea, nimefumua,
nimekosea tena.
Saa saba usiku nimemaliza upande ambao hakuna atakayeuona.

Yamebaki mabaki, upana wa kiganja.
Yangetosha ua la gauni la Jumamosi.
Nimeyakunja.
Natafuta utepe.